Nyasi Bandia katika Kiwanja cha Shule: Maelezo kwa Wazazi na Walezi

Wazazi wengi hupata habari za kiwanja kipya kwa karatasi iliyokunjwa ndani ya mkoba wa mtoto, nayo imeandikwa kwa Kiingereza cha ofisini. Karatasi hiyo hueleza kwamba wilaya ya shule inakusudia kuondoa nyasi asilia na kutandika nyasi bandia, kwamba mkutano wa hadhara utafanyika tarehe fulani, na kwamba maoni ya wazazi yanakaribishwa. Kabla siku ya mkutano haijafika, maneno huanza kuzagaa mtaani. Huyu husema kwamba nyasi hizo huleta saratani. Yule hujibu kwamba huo ni uzushi wa watu wasiopenda maendeleo. Kipeperushi hiki kimetayarishwa ili familia zinazozungumza Kiswahili hapa Marekani zipate kufahamu yaliyothibitishwa, yale ambayo wataalamu wangali wanayajadili, na namna mzazi anavyoweza kuuliza na kusikilizwa kabla uamuzi haujapitishwa.

Kiwanja hiki kimetengenezwa kwa vitu gani?

Nyasi bandia si jambo geni, na historia yake ilianzia shuleni. Shule ya Moses Brown mjini Providence, katika jimbo la Rhode Island, ilitandikiwa mwaka 1964. Miaka miwili baadaye zikatandikwa Astrodome, uwanja wenye paa mjini Houston, ambako nyasi asilia zilikufa kwa kukosa jua. Baadhi ya wasomaji wetu wamekwisha kuziona nyumbani: Uwanja wa Amaan kule Unguja na Stade des Martyrs mjini Kinshasa vimewahi kutandikwa nyasi za namna hii.

Ujenzi wake huanza kwa kuchimba udongo wa juu na kuuondoa. Hapo humwagwa kokoto na kulazwa mabomba ya kupitisha maji ya mvua, kisha hutandazwa zulia lenye majani ya plastiki. Katikati ya majani hayo humwagwa mchanga pamoja na punje nyeusi za mpira, ambazo huyasimamisha majani na kumpunguzia mchezaji kishindo anapoanguka. Mara nyingi punje hizo hutokana na matairi mabovu ya magari yaliyosagwa. Kiwanja kimoja kamili cha mpira wa miguu huweza kutumia matairi kati ya 20,000 na 40,000. Ndizo hizo punje unazozikuta ndani ya soksi za mtoto, kwenye zulia la sebuleni na chini ya mashine ya kufulia.

Shule zina sababu za kuzitaka nyasi hizi, na si haki kuzipuuza. Kiwanja cha nyasi asilia kilichonyeshewa hugeuka tope na kufungwa kwa siku kadhaa. Katika majimbo ya baridi, majira ya nyasi kuota ni mafupi, na shule yenye kiwanja kimoja na timu sita hukiharibu kabla msimu haujaisha. Kiwanja cha nyasi bandia huchezewa saa nyingi zaidi kwa wiki, hakikatwi wala hakitiwi mbolea. Mtoto asiye na mahali pa kukimbia naye huathirika kiafya, na familia zinazoishi katika nyumba za kupanga zisizo na ua hulijua jambo hilo kuliko wengine. Kwa hiyo anayeunga mkono kiwanja hicho si adui wa watoto.

Joto ndilo jambo la kwanza

Tunaanza na joto kwa sababu halina ubishi, ingawa katika mikutano mingi hutajwa mwishoni, baada ya watu kuchoka kubishana juu ya saratani. Nyasi asilia hujipoza zenyewe: huvuta maji kutoka ardhini na kuyatoa hewani kama mvuke. Plastiki na mpira mweusi havina uwezo huo, bali hulipokea joto la jua na kulihifadhi.

Mwaka 2002 watafiti wa Chuo Kikuu cha Brigham Young, jimbo la Utah, walipima kiwanja cha chuo chao. Siku ambayo hewa ilikuwa na nyuzi 98 za Farenhaiti, yaani takriban nyuzi 37 za Selsiasi, uso wa nyasi bandia ulifikia nyuzi 200, ambazo ni 93 za Selsiasi. Hata lami haikufikia joto hilo. Walipojaribu kukimwagilia maji kwa nusu saa, joto lilishuka kutoka nyuzi 174 hadi 85. Lakini dakika 5 baadaye lilikuwa limepanda hadi 120, na dakika 20 baadaye hadi 164. Chuo hicho kikaweka nyuzi 120 kuwa kikomo cha kuruhusu michezo. Ukiambiwa mkutanoni kwamba kiwanja kitapozwa kwa maji, kumbuka hesabu hiyo ya dakika 20, kisha uliza ni nani atakayemwagilia, mara ngapi kwa siku, na maji hayo yatalipiwa na nani.

Wazazi waliokulia Mombasa, Dar es Salaam au Bujumbura huweza kudhani kwamba joto la hapa si kitu kwa watoto wao. Mwili huzoea joto kwa mazoezi ya siku nyingi, na ukikaa miezi ya baridi bila kulipata, mazoea hayo hupotea ndani ya wiki chache. Mtoto aliyetoka pwani ya Afrika Mashariki na kukaa hapa majira mawili ya baridi hana kinga yoyote ya pekee wakati mazoezi yanapoanza mwezi wa Agosti. Mwezi huo ndio wa hatari, kwa kuwa makocha huwa na haraka ya kuandaa timu na watoto huona haya kusema kwamba wamechoka.

Dalili za mwili kuzidiwa na joto ni kuumwa kichwa, kizunguzungu, kichefuchefu, misuli kukakamaa na udhaifu wa ghafla. Mtoto mwenye dalili hizo aondolewe kiwanjani mara moja, akalishwe kivulini, apunguziwe nguo na apewe maji ya baridi anywe kidogo kidogo. Akianza kusema ovyo, akizimia au akipata degedege, hiyo ni hatari ya kifo. Piga 911 papo hapo, na wakati mnangoja gari la wagonjwa mmwagieni maji ya baridi mwili mzima na kumwekea barafu shingoni na kwapani. Ukipiga 911 na Kiingereza chako hakitoshi, taja tu jina la lugha, “Swahili”, wala usikate simu, mkalimani ataunganishwa.

Binti anayecheza akiwa amevaa hijabu na mikono mirefu hana sababu ya kuacha mchezo. Achaguliwe vitambaa vyepesi vya rangi isiyoiva, na kocha aelezwe mapema kwamba atahitaji mapumziko ya maji mara nyingi zaidi.

Punje za matairi na hofu ya saratani

Tairi hutengenezwa ili lidumu barabarani, wala hakuna aliyelikusudia kuwa mahali pa kuchezea watoto. Ndani yake mna zinki, masizi, mafuta yatokanayo na petroli na kemikali nyingine nyingi, baadhi yake zikijulikana kusababisha saratani zikiingia mwilini kwa wingi. Hofu ya wazazi ina msingi. Swali ambalo wanasayansi hujiuliza ni kiasi gani cha kemikali hizo hutoka kwenye punje na kuingia katika mwili wa mtoto anayecheza.

Mwezi wa Februari 2016 Shirika la Ulinzi wa Mazingira la Marekani, linalojulikana kwa kifupi kama EPA, lilianza uchunguzi wa pamoja na mashirika mengine ya serikali kuu, yakiwemo yale ya kudhibiti magonjwa na ya usalama wa bidhaa. Sehemu ya kwanza ya ripoti ilitoka Julai 2019 na ya pili Aprili 2024. Walizikuta kemikali hizo ndani ya punje, kama ilivyotarajiwa, lakini waliona kwamba kiasi kinachotoka na kuingia hewani, au kuyeyuka katika majimaji yaliyofanana na mate, jasho na maji ya tumboni, ni kidogo. Mashirika hayo yenyewe yalieleza kwamba ripoti hiyo si tathmini kamili ya hatari. Atakayekuambia kwamba serikali imethibitisha usalama wa viwanja hivi amesoma zaidi ya kilichoandikwa. Na atakayesema serikali imethibitisha madhara, naye kadhalika.

Habari ya saratani ilienea zaidi kutoka jimbo la Washington. Kocha mmoja wa mpira wa miguu wa wanawake alianza kuandika orodha ya wachezaji waliougua, wengi wao walinda mlango, ambao huanguka na kugaagaa kwenye punje kuliko wenzao. Idara ya Afya ya jimbo ikaichunguza orodha hiyo ya watu 53 na kutoa ripoti mwaka 2017. Jimbo lile lina maelfu mengi ya vijana wanaocheza mpira, na kwa bahati mbaya baadhi ya vijana wa umri huo hupata saratani hata kama hawajawahi kukanyaga kiwanja. Wachunguzi walihesabu wangapi wangetarajiwa kuugua, wakalinganisha na orodha, na hawakukuta kwamba wachezaji waliugua kuliko ilivyotarajiwa. Waliwashauri watu waendelee kucheza, kiwanja kiwe cha nyasi za namna yoyote. Hata hivyo, uchunguzi huo haukutungwa ili kujibu kama punje zinaweza kuleta saratani au la, na ripoti yenyewe ililisema hilo waziwazi.

Wataalamu hawajawa na kauli moja. Kituo cha afya ya mazingira ya watoto katika hospitali ya Mount Sinai, mjini New York, kimependekeza kusimamishwa kwa matumizi ya viwanja vyenye punje za matairi mpaka usalama wake uthibitishwe. Umoja wa Ulaya umepunguza kiwango cha kemikali fulani zinazoruhusiwa ndani ya punje hizo tangu Agosti 2022, na mwezi wa Septemba 2023 ulipitisha sheria itakayozuia uuzaji wa punje za plastiki na mpira kwa ajili ya viwanja baada ya muda wa miaka 8. Sababu kubwa ya sheria hii ya pili ilikuwa mazingira, kwa kuwa punje husombwa na maji na upepo na kuingia katika mito na bahari. Tunaitaja kwa uangalifu kwa sababu mara nyingi husimuliwa mkutanoni kana kwamba Ulaya imekubali kuwa punje huleta saratani, jambo ambalo halikusemwa.

Kwa mtazamo wa idara, mtoto anayecheza saa chache kwa wiki kwenye kiwanja kama hicho, akanawa na kubadilisha nguo, hana sababu ya kukatazwa mchezo. Lakini shule inayotandika kiwanja kipya leo ina nafasi ya kuchagua, na pale penye nafasi ya kuchagua ni busara kuuliza kwa nini kitumike kitu chenye mashaka. Vipo vijazio vingine: mchanga mtupu, magamba ya mti wa koki yaliyosagwa, na hata usumba wa makumbi ya nazi, ambao wasomaji wa pwani wanaujua kwa kusokota kamba. Baadhi yake ni ghali zaidi au huhitaji kulowanishwa, lakini usumba na koki havishiki joto kama mpira mweusi.

Risasi na kemikali za kudumu

Mwaka 2008 Idara ya Afya ya New Jersey ilipima viwanja kadhaa na kukuta madini ya risasi kwa wingi katika baadhi yake, kikiwemo kimoja cha Newark. Risasi hiyo ilitoka katika rangi ya majani ya plastiki, nayo hupukutika kuwa vumbi majani yanapochakaa. Baada ya hapo watengenezaji walishinikizwa, hata mahakamani, kuipunguza. Kwa sababu hiyo kiwanja kikuukuu, chenye majani yaliyovunjikavunjika na vumbi, kinastahili kupimwa kabla ya kingine chochote.

Hata hivyo, kwa familia zetu risasi hupatikana zaidi nyumbani kuliko kiwanjani. Nyumba zilizojengwa kabla ya mwaka 1978 huweza kuwa na rangi yenye risasi, na wanja unaoletwa kutoka ng'ambo mara nyingi huwa nayo. Hakuna kiwango cha risasi kinachojulikana kuwa salama katika damu ya mtoto. Muulize daktari wa mtoto kuhusu kipimo cha damu, hasa kama ana umri chini ya miaka 6 au mmefika nchini karibuni.

Kundi jingine ni la kemikali ziitwazo PFAS, ambazo watu huziita kemikali za kudumu kwa kuwa haziozi wala kuvunjika kwa urahisi. Zimetumika katika vikaango visivyoshika chakula, katika mazulia na katika viwanda vya plastiki ili majani yapite kwenye mashine bila kukwama. Katika maji ya kunywa, EPA iliweka mwaka 2024 kikomo cha sehemu 4 katika trilioni kwa kemikali mbili za kundi hilo, kiasi ambacho ni kama matone machache katika bwawa kubwa. Jimbo la Maine limepitisha sheria itakayozuia, kuanzia tarehe 1 Januari 2029, uuzaji wa nyasi bandia zilizotiwa PFAS kwa makusudi.

Wauzaji hujibu kwamba bidhaa yao haina PFAS. Jibu hilo halitoshi. PFAS ni maelfu ya kemikali, na maabara nyingi hupima chache tu kati yake. Kinachofaa kuulizwa ni kama kipimo cha jumla ya florini kimefanywa, kwa zulia na kwa kijazio, na maabara isiyolipwa na muuzaji. Wanaoishi karibu na visima au vyanzo vya maji ya mji wana haki ya kulisisitiza swali hili.

Michubuko, vifundo na magoti

Anayeteleza kwenye nyasi bandia huungua ngozi kwa msuguano. Michubuko hiyo huonekana midogo lakini ni mlango wa vijidudu. Katika msimu wa mwaka 2003 timu ya kulipwa ya St. Louis Rams ilipata maambukizi 8 ya bakteria wa MRSA, wasiosikia baadhi ya dawa, kwa wachezaji 5 kati ya 58. Yote yalianzia pale walipochubuka. Nyasi hazikuwa chanzo pekee, kwani wachezaji walichangia taulo na vifaa vingine. Jeraha lioshwe kwa sabuni na maji mara baada ya mchezo, lifunikwe, na taulo isitumiwe na watu wawili. Likivimba, likiwa na usaha au moto, mtoto aonwe na daktari siku hiyo hiyo.

Kuhusu viungo, uchunguzi wa ligi ya kulipwa ya mpira wa Kimarekani, uliohusu misimu ya 2012 hadi 2016, ulikuta majeraha ya miguu yamezidi kwa asilimia 16 kwenye nyasi bandia. Hao ni watu wazima wenye mwili mzito, hivyo tarakimu hiyo haiwezi kuhamishiwa kwa mtoto wa miaka 10 jinsi ilivyo. Lakini wachezaji wenyewe wanajua wanachokipenda. Kombe la Dunia la wanawake la mwaka 2015 nchini Kanada lilichezwa kwenye nyasi bandia licha ya malalamiko ya wachezaji kadhaa mashuhuri, waliofikia kufungua shauri la ubaguzi kabla ya kuliondoa. Wanaume hawakuwahi kuchezeshwa fainali zao kwenye kiwanja kizima cha nyasi hizo. Viatu vya njumu ndefu vya kiwanja cha udongo hunasa kwenye zulia na kulipotosha goti. Kama shule itatandika nyasi bandia, mtoto atahitaji viatu vyenye njumu fupi zilizotengenezwa kwa viwanja hivyo, nayo ni gharama ambayo haimo katika bajeti wanayoisoma mkutanoni.

Kusema katika mkutano wa bodi ya shule

Uamuzi kwa kawaida hupitishwa na bodi ya shule, ambayo mikutano yake, kwa sheria za majimbo, iko wazi kwa watu wote. Huhitaji kuwa raia ili kuingia, na mahali unapotolewa muda wa maoni ya wananchi, mzazi asiye raia huzungumza kama mwingine yeyote. Mahakama Kuu ya Marekani iliamua mwaka 1982 kwamba mtoto hawezi kunyimwa shule ya umma kwa sababu ya hali yake ya uhamiaji, na kutoa maoni juu ya nyasi hakuibadilishi haki hiyo. Anayezungumza huombwa kutaja jina na pengine mtaa anakoishi, na maneno yake huweza kurekodiwa. Asiyependa hilo anaweza kupeleka barua, au kumwomba mzazi mwenzake aseme kwa niaba ya familia kadhaa.

Jambo moja lahitaji tahadhari kubwa. Mara nyingine fedha za kiwanja hupatikana kwa kura ya wakazi, na karatasi za matangazo huzihimiza familia zote “zipige kura”. Kusema ni kitu kimoja, kupiga kura ni kingine. Mahali ambapo sheria hutaka uraia, asiye raia akipiga kura, hata kwa kutojua, huweza kulipoteza ombi lake la uraia au kufukuzwa nchini. Mwenye kadi ya ukaazi wa kudumu bado si raia. Usijiandikishe kupiga kura mpaka umepata ushauri wa mwanasheria wa uhamiaji.

Shule zinazopokea fedha za serikali kuu zinawajibika, chini ya Sheria ya Haki za Kiraia ya mwaka 1964, kuwapa wazazi habari muhimu kwa lugha wanayoielewa. Omba mkalimani siku kadhaa kabla ya mkutano, kwa maandishi, na uhifadhi nakala. Usikubali mtoto wako awe mkalimani. Si heshima kwake kuwekwa kati ya mzazi na wakubwa wa shule, na maneno ya kemikali na mikataba humshinda hata mtu mzima.

Muda wa kusema ni mfupi, mara nyingi dakika 2 au 3, nao hukatwa kwa kengele. Mazoea yetu ya kuanza kwa salamu ndefu na shukrani kwa kila mkubwa aliyepo huumaliza wote. Salamu moja yatosha, kisha ingia katika swali. Kwa mfano:

“Wajumbe wa bodi, habari za jioni. Mimi ni mama wa watoto watatu katika shule hii. Naomba kufahamu mambo mawili. Kiwanja kikizidi nyuzi 120, nani atakayewaondoa watoto, na atapimaje? Na je, mmelinganisha gharama za miaka 20, pamoja na kulibomoa zulia na kulitandika upya, au za mwaka wa kwanza tu? Naomba majibu kwa maandishi. Asanteni.”

Swali la pili lina uzito kuliko linavyosikika. Zulia hudumu kama miaka 8 hadi 10, kisha huchakaa na lazima liondolewe, ambapo mara nyingi huishia jaani kwa kuwa ni vigumu kuzitenganisha plastiki, mchanga na mpira. Kiwanja kilichonunuliwa leo kitadai fedha nyingine wakati mtoto wako wa chekechea yuko shule ya upili. Uliza pia kama bodi ilipata makadirio ya kukitengeneza vizuri kiwanja cha nyasi asilia, kwa kurekebisha mifereji na udongo. Viwanja vingi vinavyolaaniwa kwa tope havijawahi kutunzwa ipasavyo, na kulinganisha kiwanja kilichotelekezwa na zulia jipya si kulinganisha kwa haki. Nyasi asilia nazo zina lawama zake, hasa viuatilifu. Basi uliza vitatumika vipi, na lini watoto watazuiwa kuingia baada ya kunyunyizwa.

Nyaraka za zabuni, mkataba na matokeo ya vipimo vya maabara huweza kuombwa chini ya sheria za jimbo za kupata habari za umma. Ombi la sentensi mbili latosha, na si lazima ueleze sababu.

Kiwanja kikiwa kimekwisha kutandikwa

Viatu na soksi vikung'utwe nje ya mlango, na jezi zifuliwe peke yake. Mtoto anawe mikono kabla ya kula, aoge afikapo nyumbani, na chupa yake ya maji ifungwe badala ya kulazwa wazi pembeni mwa kiwanja. Chakula kisiliwe juu ya nyasi hizo. Mnapokwenda kumtazama kaka yake akicheza, mdogo anayetambaa akae kwenye mkeka au kwenye gari lake la kusukuma, kwa maana watoto wa umri huo hutia kila kitu kinywani. Akimeza punje na una wasiwasi, piga kituo cha sumu, 1-800-222-1222, saa yoyote ya mchana au usiku. Huduma ni bure na wakalimani wapo. Mwenye pumu awe na dawa yake ya kuvuta karibu, si ndani ya mkoba uliofungiwa kwenye gari.

Siku za joto, weka mgongo wa mkono wako juu ya nyasi. Ukishindwa kuuacha hapo kwa sekunde 5, mwambie kocha. Makocha wengi hujitolea baada ya kazi zao nao hawapimi kiwanja. Wengi hukubali kusogeza mazoezi hadi jioni wakiombwa na mzazi mmoja tu, kwa upole, kabla watoto hawajaanza kukimbia.